Kutoka Ghalani Hadi Kiwandani

Mapema mwaka 2016, kampuni ya Maxam ya Nairobi ilipokea barua ambayo kila msambazaji huiogopa. Heineken, kampuni ya bia ya Uholanzi, ilikuwa inaiarifu kwamba mkataba wao wa usambazaji, uliotiwa saini mwaka 2013, unafikia kikomo. Maxam ikakimbilia mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mkataba ulivunjwa isivyo halali, ikaamuru mlalamikaji alipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7 za Kenya. Heineken ikakata rufaa, na kesi ikaendelea kupanda ngazi miaka kadhaa baada ya barua ile.

Fidia ya namna hiyo ni kubwa, lakini hakuna jaji anayeweza kumrudishia msambazaji kile alichokuwa anakiuza. Maghala ni yake, malori ni yake, madereva na vijana wa mauzo analipa yeye, ila jina lililoandikwa kwenye chupa ni la mtu mwingine. Siku mwenye jina akiamua kuuza mwenyewe, au kumpa kazi jirani, kilichojengwa kwa miaka kinaanguka kwa karatasi moja.

Wenye maduka ya jumla wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, wa Kamukunji kule Nairobi na wa Kikuubo kule Kampala wanaijua hali hiyo bila kufika mahakamani. Mfanyabiashara anachukua sabuni ambayo hakuna anayeijua, anaizungusha mikoani, anawapa wenye maduka mali kauli ili waijaribu, anavumilia wanaochelewa kulipa. Baada ya miaka mitano mzigo unatoka wenyewe. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapomleta wakala wa pili, mtaa uleule, kwa bei ya chini kidogo. Wa kwanza hana la kudai, kwa sababu alikuwa analima shamba la mwenzake.

Ndiyo maana swali la msambazaji kugeuka mzalishaji linastahili kuzungumzwa kwa uzito, na lizungumzwe kwa mifano ya watu waliolifanya. Wapo. Baadhi yao leo ni miongoni mwa matajiri wakubwa zaidi barani Afrika, na walianza kwa kuuza vitu vilivyotengenezwa na wengine.

Mfano wa kwanza uanzie mbali kidogo, kwa sababu wengi wanavaa bidhaa yake bila kujua historia yake. Januari 1964, huko Oregon nchini Marekani, kijana mhasibu aitwaye Phil Knight na mwalimu wake wa riadha, Bill Bowerman, walichanga dola 500 kila mmoja, wakaanzisha kampuni iliyoitwa Blue Ribbon Sports. Kiwanda hawakuwa nacho. Kazi yao ilikuwa kuagiza viatu vya kukimbilia vya Tiger kutoka kampuni ya Onitsuka ya mjini Kobe, Japani, na kuviuza Marekani. Knight aliviuza kwenye mashindano ya riadha, akivitoa kwenye buti la gari lake.

Kwa miaka saba walikuwa wasambazaji tu, lakini wasambazaji wa aina ya pekee. Bowerman aliwafundisha wanariadha kila siku, akaona kiatu kinachomuumiza mkimbiaji kisigino, soli inayochakaa upande mmoja, uzito unaoweza kupunguzwa. Alivikata viatu vya Wajapani, akaviunda upya, akawaandikia Onitsuka nini cha kubadilisha. Kiatu kilichoitwa Cortez, kilichouzwa sana mwishoni mwa miaka ya 1960, kilitokana na mawazo yake na kikatengenezwa Japani. Yaani elimu ya bidhaa ilikuwa tayari kwa msambazaji kabla hajawa na bidhaa yake.

Uhusiano ulipoharibika mwaka 1971, Knight hakuanza kutafuta soko. Soko alikuwa nalo. Alichokitafuta ni kiwanda cha kumshonea viatu kwa oda, na nembo ya kuvibandika. Nembo ilichorwa na mwanafunzi wa sanaa, Carolyn Davidson, kwa malipo ya dola 35. Jina likawa Nike. Pande mbili zikashtakiana, na mwaka 1974 ikaamuliwa kwamba zote zinaweza kuendelea kuuza kiatu kile cha Cortez, ila jina libaki kwa Nike. Mpaka leo viatu vya Nike vinatengenezwa kwa sehemu kubwa na viwanda vya watu wengine, Vietnam, Indonesia na China. Kampuni inamiliki jina, ubunifu na wateja.

Hapo kuna jambo ambalo wafanyabiashara wetu wengi hulipita haraka. Mtu akisema anataka kuwa mzalishaji, picha ya kwanza kichwani ni ekari mbili za kiwanja, paa la mabati marefu na mashine kutoka China. Anauza malori, anakopa benki, anajenga. Mashine ikiwashwa ndipo anaanza kuuliza nani atanunua. Knight alikwenda kinyume cha hapo, na alifanya vizuri. Kitu chenye thamani kubwa alichonacho msambazaji kimo ndani ya daftari lake: duka gani linauza katoni ngapi kwa wiki, mji gani unataka pakiti ya shilingi mia tano na mji gani unataka ya elfu mbili, mwezi gani wa mavuno fedha inaonekana vijijini, nani analipa na nani anakimbia. Mwenye kiwanda aliye Guangzhou au Mumbai hayajui hayo. Anayajua kupitia msambazaji.

Sasa turudi barani kwetu, kwa mtu ambaye habari zake zinastahili kukaliwa kwa muda zaidi.

Aliko Dangote alizaliwa Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 1957, katika ukoo wa wafanyabiashara. Babu yake upande wa mama, Sanusi Dantata, alikuwa tajiri anayejulikana. Mwaka 1977, baada ya masomo Al-Azhar mjini Cairo, mjomba wake alimkopesha naira 500,000. Kwa maelezo yake mwenyewe alilirejesha deni hilo ndani ya miezi michache. Aliuza mchele, sukari na saruji. Vyote vilikuja kwa meli, vikashushwa, vikapakiwa kwenye malori, vikauzwa. Kwa takriban miaka 20 hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, na ilimtajirisha.

Katika miaka ya 1990 alitembelea Brazil akaona kampuni zinazozalisha vyakula kwa wingi na jinsi zilivyokua. Akarudi Lagos na uamuzi. Tazama sasa njia aliyoipita, maana hakuruka kutoka kwenye meli moja kwa moja hadi shambani. Kwenye sukari alianza na kiwanda cha kusafishia pale bandari ya Apapa, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2000. Sukari ghafi iliendelea kutoka Brazil, ila sasa inasafishwa na kufungashwa Nigeria kwa jina lake. Baadaye ndipo akanunua Savannah Sugar katika jimbo la Adamawa, iliyokuwa na mashamba ya miwa. Alianza na hatua ya mwisho ya uzalishaji, ile iliyo karibu zaidi na mteja, kisha akarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kwenye udongo.

Kwenye saruji ilikuwa hivyohivyo. Kwanza saruji iliyo tayari ndani ya mifuko. Halafu saruji ya wingi, inayoletwa kwenye tumbo la meli bila mifuko na kufungashwa kwenye vituo vyake bandarini. Halafu mwaka 2000 akanunua hisa za kiwanda cha serikali cha Benue. Halafu Obajana, katika jimbo la Kogi, ambako alijenga kiwanda kipya juu ya mwamba wa chokaa, chenye mtambo wake wa umeme unaotumia gesi. Kiwanda hicho kilikamilika mwaka 2007 na leo ni miongoni mwa vikubwa zaidi Afrika.

Lakini haitakuwa haki kuisimulia hadithi hii kama juhudi za mtu mmoja tu. Mwaka 2002 serikali ya Rais Olusegun Obasanjo iliweka sera kwamba anayetaka kibali cha kuingiza saruji aonyeshe kwamba anajenga kiwanda. Dangote amewahi kueleza kwamba alimwambia rais waziwazi: maadamu kuagiza kunalipa kuliko kuzalisha, hakuna atakayezalisha. Ukweli huo ni mchungu. Mfanyabiashara hufuata faida ilipo, na faida ilipo huamuliwa kwa sehemu kubwa na jedwali la ushuru. Sera ile iliifanya Nigeria iache kutegemea saruji ya nje. Pia iliwaacha Wanigeria wakinunua saruji kwa bei ambayo wengi wao walilalamika kwamba ni kubwa mno, kwa sababu wazalishaji walikuwa wachache na mlango wa nje umefungwa. Mambo yote mawili ni kweli, na anayeisifia sera hiyo bila kumtaja mwananchi anayejenga chumba kimoja kila mwaka hajamaliza maelezo.

Kwetu, jedwali hilo linaitwa Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2005. Malighafi na mitambo asilimia sifuri. Bidhaa zilizofika nusu ya njia asilimia 10. Bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Kuanzia Julai 2022 likaongezwa kundi la nne la asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi wanachama zinaona zinaweza kuzizalisha zenyewe. Msambazaji anayeagiza kitu kilichokamilika anaanza safari yake akiwa nyuma ya jirani anayekileta katika vipande au katika hali ghafi na kukimalizia hapa. Pengo hilo ndilo nafasi yake ya kujengea kiwanda.

Pengo hilo pia lina vita vyake. Mwaka 2018 Tanzania iliingia katika mvutano mkubwa juu ya meli za mafuta ya kula bandarini Dar es Salaam. Waagizaji walisema mafuta ni ghafi. Wengine wakasema yamekwishasafishwa. Maabara zikahusishwa, bunge likahoji, na wakati huo bei sokoni ikapanda na Ramadhani inakaribia. Kisa chote kilikuwa tofauti ya ushuru kati ya mafuta ghafi na yaliyosafishwa. Bajeti ya mwaka huo ikapandisha viwango vyote viwili: asilimia 25 kwa ghafi, 35 kwa yaliyosafishwa. Mtu aliyejenga mtambo wa kusafisha kwa hesabu za ushuru wa mwaka uliotangulia alilazimika kukaa chini na kalamu upya. Kiwanda kinadumu miaka 30. Sheria ya fedha hubadilika kila Juni.

Nani mwingine alipita njia hii? Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshawataja wawili kabla hawajatajwa hapa. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha shule akiwa kijana, akafanya biashara ndogo ya chakula, akafungua mgahawa Dar es Salaam miaka ya 1970. Mgahawa unahitaji mkate, mkate unahitaji unga, unga unahitaji kinu. Kila kitu alichokuwa anakinunua kwa wingi kilimwonyesha biashara iliyofuata. Unga wake, wenye chapa ya Azam, leo unasagwa katika nchi kadhaa za Afrika. Kundi lake la kampuni hutengeneza vinywaji pia, navyo hula sukari nyingi, basi likaanzisha shamba la miwa na kiwanda Bagamoyo, kilichoanza kutoa sukari mwaka 2022. Njia ileile ya kurudi nyuma kuelekea kwenye udongo.

Wa pili ni Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975 katika familia ya maduka. Baba yake alianzisha kampuni ya biashara iliyokuja kuitwa METL, ikinunua na kuuza bidhaa za kila namna. Mwana aliporudi kutoka masomoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ilikuwa inabinafsisha mashirika ya umma, na nchi ilikuwa imejaa viwanda vilivyolala, popo juu ya mashine. METL ikanunua baadhi. Kiwanda cha Polytex cha Morogoro kikawa 21st Century Textiles, kikitengeneza vitambaa, kanga na vitenge. Cha Musoma nacho kikachukuliwa. Wengi walionunua viwanda vya umma wakati ule walivigeuza maghala au waliuza mashine kama chuma chakavu, na hilo ni doa katika historia ya uchumi wetu. METL ilikuwa na sababu ya kuviwasha: tayari ilikuwa na matawi, mawakala na malori nchi nzima yanayohitaji kitu cha kubeba.

Hapo kuna tofauti kati ya mwekezaji mgeni na msambazaji wa zamani. Mgeni anajenga kiwanda, kisha anajenga barabara yake ya kufikia maduka. Msambazaji barabara anayo.

Anachokosa ni subira ya fedha. Hili halionekani kwenye hadithi za matajiri, na ndilo linalowaangusha wa kawaida. Fedha ya msambazaji huzunguka haraka. Kontena linaingia, ndani ya wiki sita limekwisha, fedha inarudi, oda nyingine inatumwa. Mtaji mmoja unafanya kazi mara kadhaa kwa mwaka, na kosa la oda moja husahihishwa na oda inayofuata. Fedha iliyoingia kwenye mashine haizunguki. Imekaa pale, imefungwa kwa bolti sakafuni, na benki inataka rejesho kila mwisho wa mwezi, mashine imewaka au haikuwaka. Aliyezoea kuhesabu kwa wiki analazimika kuhesabu kwa miaka. Na wafanyakazi wa ghala unaweza kuwapunguza mzigo ukipungua. Fundi anayeijua mashine yako, ukimwachia aende, hapatikani tena.

Tuchukue sabuni ya kipande, maana kila nyumba inayo. Wapo wanaodhani kutengeneza sabuni lazima uanze na pipa la mafuta na kostiki soda. Kiwanda kikubwa ndivyo kinavyofanya: mafuta ya mawese yanachemshwa na kostiki, yanatenganishwa kwa chumvi, yanakaushwa. Lakini kati ya pipa la mafuta na kipande cha sabuni kuna kituo cha katikati. Malaysia na Indonesia huuza sabuni iliyokaushwa na kukatwa vipande vidogo kama tambi fupi, nyeupe, isiyo na harufu wala rangi. Mzalishaji anayeanza huzinunua tambi hizo. Anazimwaga kwenye mashine ya kuchanganyia, anaongeza manukato na rangi, zinapita kwenye roli zinazozisaga mpaka zinakuwa laini, kisha zinasukumwa na parafujo kubwa ndani ya bomba. Upande wa pili unatoka mche mrefu wa sabuni usio na mwisho, una joto kidogo, unanukia. Kisu kinaukata, muhuri unagonga jina.

Jina hilo ni lake. Kuanzia siku hiyo hakuna barua kutoka ng'ambo inayoweza kumnyang'anya. Na mashine hizo zinaenea katika banda moja, hazihitaji ekari mbili. Akifikisha mauzo ya kutosha, ndipo anaweza kufikiria kuchemsha mafuta mwenyewe, na siku moja labda kulima michikichi Kigoma. Ngazi ina vidaraja, na kila kidaraja kinalipiwa na kilichotangulia.

Wapo waliochagua kidaraja cha kutengeneza kwa leseni, yaani kuzalisha hapahapa bidhaa yenye jina la mgeni. Kinafundisha kazi, lakini barua ile ya mwanzo bado inaweza kuja. Haco ya Kenya ilizalisha na kusambaza kalamu za BIC ya Ufaransa kwa miongo mingi. Watoto wa Afrika Mashariki waliandika mitihani yao kwa kalamu zilizotoka Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2018 BIC ilinunua shughuli hiyo, kiwanda na usambazaji pamoja, ikaanza kujiendeshea yenyewe. Yalikuwa mauziano ya heri na hakuna aliyedhulumiwa. Haco iliendelea na bidhaa zake nyingine. Hata hivyo, fikiria kampuni ambayo isingekuwa na bidhaa nyingine.

Na kiwanda kikishajengwa, matatizo hubadilika sura. Dangote mwenyewe alijifunza hilo Mtwara. Kiwanda chake cha saruji huko, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilizinduliwa Oktoba 2015 na Rais Jakaya Kikwete. Ushindani wake ulishusha bei ya saruji nchini, na mafundi wa ujenzi waliufurahia. Mwaka mmoja baadaye mashine zikasimama. Kiwanda kilikuwa kinajiendesha kwa jenereta za dizeli, gharama ambayo haibebeki, ilhali gesi asilia inachimbwa mkoani humohumo. Mwaka 2016 pia serikali ilizuia makaa ya mawe kutoka nje, ikitaka yatumike ya Ruvuma. Desemba mwaka huo Dangote alikuja Ikulu kuonana na Rais John Magufuli, na baada ya mazungumzo uzalishaji ukaanza tena, gesi ikafuata baadaye. Tajiri namba moja wa Afrika alipanda ndege ili atatue tatizo la nishati. Mwenye kiwanda cha sabuni Vingunguti, Dar es Salaam, umeme ukimkatikia hana Ikulu ya kwenda. Anasubiri, na mche wa sabuni unaganda ndani ya bomba.

Kwa hiyo serikali zinazohubiri viwanda zina deni hapa. Wakala na mamlaka zimejaa: leseni huku, mazingira kule, usalama mahali pa kazi, viwango, vipimo. Baadhi ya milango imefunguliwa kweli. Tanzania ina SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, tangu mwaka 1973, na mjasiriamali mdogo anayetambulishwa nalo hupata nafuu ya gharama za alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Hiyo ni sera nzuri na haitangazwi vya kutosha. Anayebaki bila mlezi ni yule wa katikati: msambazaji mwenye malori manne na wateja mia tatu, aliye mkubwa mno kwa SIDO na mdogo mno kwa mamlaka ya uwekezaji. Huyo ndiye mwenye daftari. Huyo ndiye anayejua Sumbawanga inanunua nini mwezi wa nane. Benki inamkopesha kwa dhamana ya nyumba na kwa muda mfupi, wakati anachokihitaji ni mkopo wa miaka saba wenye mwaka wa kwanza wa kupumua. Kama nchi zetu zinataka viwanda vyenye wateja, zianze na watu ambao wateja wanao.

Naye msambazaji ana kazi yake ya nyumbani. Kabla hajanunua mashine, achague bidhaa moja katika anazouza, ile inayorudiwa kununuliwa kila wiki, nzito au kubwa kiasi kwamba usafiri wake kutoka nje unaumiza, na ambayo mnunuzi haangalii sana jina. Maji, unga, sabuni, mifuko, rangi za nyumba, magodoro ni za aina hiyo. Simu haimo. Kisha aiuze kwa jina lake huku ikitengenezwa na kiwanda cha mwingine, kama Knight alivyofanya, aone kama wateja wake wanalifuata jina au walikuwa wanaifuata bei tu. Ajiandae pia kwa hasira za anayemletea mzigo sasa. Onitsuka hawakufurahi, na hakuna mwenye kiwanda atakayefurahi akiona wakala wake anaweka rafuni chapa ya kumshindania. Mkataba usomwe na mwanasheria kabla ya sampuli ya kwanza kutoka, maana mikataba mingi ya uwakala ina kifungu cha kukataza hilo, na wengi husaini bila kukisoma.

Kuhusu Dangote, safari yake haikuishia kwenye saruji. Nigeria, mchimbaji mkubwa wa mafuta, kwa miongo ilikuwa inaagiza petroli kutoka nje, na wasambazaji wa petroli hiyo walitajirika kama yeye alivyotajirika zamani kwa saruji. Akajenga kiwanda cha kusafisha mafuta Lekki, karibu na Lagos, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku. Kilizinduliwa Mei 2023, kikaanza uzalishaji Januari 2024. Hakikupata mafuta ghafi ya kutosha nyumbani, ikabidi mengine yaletwe kwa meli hadi kutoka Marekani. Waagizaji wa petroli nao hawakumpokea kwa furaha. Mwezi Juni 2025 kampuni yake ikatangaza kwamba inanunua malori 4,000 yanayotumia gesi, ili ipeleke mafuta yenyewe hadi kwa wauzaji, na mwezi Septemba chama cha wafanyakazi wa sekta hiyo kikagoma, kikidai madereva wa malori hayo waruhusiwe kujiunga nacho.